Bangi Ilipe Deni? Somo la Kuketi na Kuhesabu

Andiko la msingi: Luka 14:28–30
Soma pia: 1 Samweli 22:1–2, 2 Wafalme 4:1–7



Wengi wenu mnakumbuka uchaguzi wa Agosti 2022. Wagombea wa urais walikuwa wanne. Mmoja wao, Profesa George Wajackoyah wa chama cha Roots, alizindua manifesto yake tarehe 30 Juni, na jambo lililobaki midomoni mwa watu lilikuwa moja: tuhalalishe bangi, tuilime, tuiuze nje, tulipe deni la taifa. Kulikuwa na mengine, kama kufuga nyoka kwa ajili ya sumu na kufanya kazi siku nne kwa wiki, lakini bendera ya chama ilikuwa bangi. Vijana walishangilia. Wazee walitikisa kichwa. Makanisa mengi yalikemea, kisha ibada ikaendelea.

Matokeo yakatoka. Roots ilipata kura 61,969, yaani asilimia 0.44, nafasi ya tatu. Wa nne alikuwa David Mwaure Waihiga, wakili na mchungaji, wa chama cha Agano, kwa kura 31,987. Chama cha bangi kilipata karibu mara mbili ya chama chenye jina la kibiblia. Simwambii mtu angempigia nani kura, maana mimbari si jukwaa la siasa. Lakini hesabu hiyo tusiipite haraka.

1. Watu walisikia nini?

Utafiti wa NACADA wa mwaka huo huo ulionyesha kwamba Wakenya zaidi ya nusu milioni, wa miaka 15 hadi 65, walikuwa wakitumia bangi. Linganisha na kura 61,969. Hata ukiwatoa wasiofika umri wa kupiga kura, wavutaji wengi hawakukipa chama hicho kura yao. Na waliokishangilia si wote wavutaji.

Kijana mmoja wa boda boda aliniambia baada ya ibada ya vijana: "Pasta, huyo mzee angalau alitaja deni. Mimi nikija hapa naombewa, nikirudi kwa steji simu inalia, ni wenye mkopo." Hakuwa anatetea bangi. Alikuwa anatafuta mtu wa kutaja kinachomnyima usingizi.

Soma 1 Samweli 22:2. Daudi alipokuwa pangoni Adulamu, walimwendea watu wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu rohoni, kama watu 400, akawa kiongozi wao. Mwenye deni hufuata sauti inayotaja deni lake. Asipoisikia kanisani, ataisikia kwingine.

2. Keti chini uhesabu

Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza anaketi, anahesabu gharama, aone kama anazo za kumalizia. Asipofanya hivyo ataweka msingi tu, na wapita njia watamcheka. Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwa huduma, kwa hivyo hebu tuketi na tuhesabu kama Bwana alivyosema.

Jimbo la Colorado, Marekani, lilianza kuuza bangi kihalali madukani Januari 2014. Katika mwaka wake bora, 2021, jimbo lilikusanya ushuru na ada za takriban dola milioni 423. Mwaka uliofuata mapato yakashuka hadi kama milioni 325, bei ya bangi ikiwa imeanguka. Sasa tuchukue ule mwaka bora. Kwa dola ya katikati ya 2022, kama shilingi 118, hizo ni kama shilingi bilioni 50. Deni la Kenya wakati huo lilikuwa kama shilingi trilioni 8.6. Gawanya. Utapata miaka 172, bila riba hata ya senti moja.

Mtu atasema, "Lakini sisi tungeuza nje." Sawa. Lesotho ilitoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, ya kwanza Afrika, na nchi nyingine zikafuata. Kila jirani akipanda kitu kile kile, bei inaenda wapi? Muulize mkulima wa kabichi wa Kinangop.

Halafu kuna gharama ambayo haikuandikwa kwenye bango. Madaktari wanaonya kwamba anayeanza kuvuta akiwa kijana mdogo ana hatari kubwa zaidi ya uraibu na ugonjwa wa akili. Bili hiyo hailetwi hazina ya taifa. Inaletwa kwa mama, nyumbani, mtoto akiacha shule na kuanza kusikia sauti ambazo wengine hawasikii. Baadhi yenu mnaosoma hapa mnalipa bili hiyo sasa hivi. Tunawaombea kwa majina.

3. "Lakini si Mungu aliuumba huo mmea?"

Vijana huniletea Mwanzo 1:29, kwamba Mungu alitoa kila mche wenye mbegu. Andiko hilo linazungumza juu ya chakula. Mbarika pia una mbegu, na hakuna anayezipika mbegu zake kwa chakula cha jioni. Paulo katika 1 Wakorintho 6:12 anatupa kipimo: je, kinafaa, na je, kitanitawala?

Tuseme ukweli wote. Kuna dawa inayotokana na mmea huu ambayo madaktari wa nchi kadhaa huwapa watoto wenye aina fulani za kifafa. Hiyo ni kazi ya maabara na daktari. Msokoto nyuma ya kioski ni jambo lingine, na kwa sheria yetu ya 1994 kupatikana na bangi ni kosa la jinai.

4. Yesu hutaja bei mapema

Angalia Yesu alisema maneno haya lini. Makutano makubwa walikuwa wakimfuata. Mwanasiasa angewaahidi mengi zaidi. Yeye aligeuka akawaambia habari ya msalaba, kisha akawaambia wahesabu. Hapo ndipo pa kuipimia kila ahadi: je, anayeiahidi ametaja gharama, na ni nani atakayeilipa?

Kipimo hicho kinatuhusu sisi pia. Mhubiri akikuambia panda mbegu ya elfu tano na madeni yote yatafutika kufikia Ijumaa, hiyo ni manifesto ya jambo moja. Haina tofauti na ile ya bangi ila kwamba imevaa suti. Mungu wetu hufanya miujiza, amina, lakini hatuogopeshwi na kikokotoo.

5. Una nini nyumbani?

Katika 2 Wafalme 4 mjane ana deni, na mdai anakuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hamkemei kwa kukopa. Anamuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta. Majirani wanaazima vyombo, Mungu anayajaza, mama anauza. Halafu tazama mpangilio: lipa deni kwanza, kisha uishi na wanao kwa kinachobaki. Wale wavulana wakabaki kwao.

Chama cha Roots kilipata chini ya kura moja katika kila mia mbili. Lakini bangi haihitaji chama ili iingie plotini kwenu. Kijana aliyelemewa na mkopo, asiye na mtu wa kumuuliza ana nini nyumbani, tayari ameacha mlango wazi.

Kwa hivyo wiki hii kila ushirika wa nyumbani utenge nusu saa. Mkaribishe kijana mmoja. Msianze kwa kumhubiria. Muulizeni anadaiwa nini, na ana nini mkononi: leseni ya kuendesha, cherehani, ujuzi wa simu. Kisha muulizane ninyi wenyewe ni vyombo gani mnaweza kumwazima.

Maswali ya kujadili

1. Ni ahadi gani umewahi kuikubali kwa sababu ilitaja shida yako? Gharama yake ilitajwa?
2. Kwa nini Elisha alianza na swali kabla ya muujiza?
3. Katika ushirika wenu, ni nani ana deni na anaogopa kulisema?

Ombi

Baba, tupe ujasiri wa kuhesabu na imani ya kukutegemea. Walinde watoto wetu wasichukuliwe na mdai yeyote, wa fedha au wa moshi. Utufanye majirani wenye vyombo. Katika jina la Yesu, amina.