Kabla ya Kununua Nyavu: Tuzifahamu Zana za Wavuvi Wetu



Katika maombi yanayoletwa na vikundi vya pwani, ombi la nyavu halikosekani. Vijana wanaeleza kwamba hawana kazi na bahari iko mbele yao. Wanaomba boti, mashine na nyavu. Kamati huliona ombi hilo kuwa jema, nasi tunaliona hivyo. Lakini mara nyingi barua haisemi ni nyavu gani. Somo la toleo hili linahusu swali hilo. Nyavu zikinunuliwa bila kuuliza, msaada wetu unaweza kuwamaliza samaki wale wale ambao kikundi kinawategemea.

Kila zana ina samaki wake

Pwani ya Tanzania Bara, kutoka Mkinga hadi Mtwara, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,400. Sehemu kubwa ya samaki wanaotua huko huletwa na wavuvi wadogo wenye mitumbwi, ngalawa, mashua na boti. Ukisimama diko alfajiri utaona vyombo vinavyofanana, lakini kilichomo ndani kinatofautiana:

- Mshipi. Hutumia ndoana na chambo, na huvua samaki mmoja mmoja. Ukubwa wa ndoana huchagua ukubwa wa samaki.
- Dema. Ni mtego wa kusuka unaozamishwa karibu na mwamba. Hupata tasi, pono na changu, nao hufika wakiwa hai.
- Jarife. Ni wavu wa matundu makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa, taa na samaki wengine wakubwa. Kasa nao hunaswa humo.
- Nyavu ya kuzungusha, ambayo wengi huiita ringi. Huzingira kundi la vibua au dagaa, mara nyingi usiku kwa kutumia taa.
- Juya la kukokota, au kokoro. Huvutwa na watu wengi hadi ufukweni. Hupita juu ya majani ya bahari, mahali ambapo samaki wachanga hukulia, na matundu yake madogo hayaachi kitu.
- Chuma cha pweza. Hutumika maji yanapotoka, na hapo akina mama ni wengi.

Mfano mmoja unaonyesha kwa nini tofauti hizi ni muhimu. Mwaka 2003 wavuvi wa Kilwa walinasa samaki wa ajabu, silikanti, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za kale, hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Muda mfupi baadaye silikanti wengine wengi walinaswa katika bahari ya Tanga. Zana iliyowaleta ilikuwa jarife lililotegwa kwenye maji ya kina kirefu. Mwaka 2009 Serikali ilitangaza hifadhi ya bahari Tanga kwa ajili ya samaki huyo. Aliyehesabu vyombo peke yake asingejua chanzo; aliyeuliza zana na kina chake alikijua mara moja.

Kilo peke yake hudanganya

Tuchukue mfano wa darasani. Ngalawa moja ina wavuvi 2 wa mshipi. Wamevua saa 6 na kuleta kilo 12. Kila mtu, kwa kila saa moja, amepata kilo 1. Upande wa pili, watu 20 wamekokota juya kwa saa 5 na kuleta kilo 100. Hapo pia kila mtu, kwa kila saa, amepata kilo 1.

Kwenye daftari la kilo, kazi hizi mbili ni sawa. Lakini fungueni ndoo. Ngalawa imeleta changu wachache waliokwisha komaa. Juya limeleta mamia ya samaki wa ukubwa wa kidole, ambao wangeachwa wangekua na kuzaa. Kwa hiyo anayesimamia uvuvi anahitaji kuandika mambo manne pamoja: zana, idadi ya watu, muda waliovua, na aina na ukubwa wa samaki. Kilo zikipungua mwaka hadi mwaka kwa zana ile ile na muda ule ule, hiyo ni dalili ya hatari. Kilo zikibaki pale pale kwa sababu watu wameongeza nyavu na saa za kazi, hiyo pia ni hatari, tena imejificha.

Zana hubadilika kwa msimu

Orodha iliyoandikwa siku moja haitoshi. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na vyombo huenda mbali. Wakati wa kusi mawimbi ni makubwa, na wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba, hivyo mwamba wa karibu hubeba mzigo wote. Bamvua huwafungulia njia watafutaji wa pweza. Maji mafu huwafungia. Mvuvi mmoja anaweza kuwa na mishipi, madema na wavu, akabadilisha kufuatana na upepo na mwezi. Anayefika Januari tu ataondoka na picha nusu.

Nyuma ya zana kuna watu

Sheria ya Uvuvi ya Tanzania Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza baruti, sumu na majuya ya kukokota. Kuhusu baruti hakuna mjadala: inaua wakubwa kwa wadogo na kuvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya samaki.

Juya linahitaji kufikiriwa zaidi. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, lakini katika fukwe kadhaa liliendelea kutumika. Tusikimbilie kusema watu ni wakaidi. Juya huajiri kijana asiye na chombo wala mtaji; anakuja na mikono yake na kuondoka na mgao. Mama anayekaanga samaki wadogo hupata bidhaa yake hapo. Mwenye juya mara nyingi hakokoti, lakini fungu lake huwa kubwa. Marufuku ikija bila njia nyingine, anayeumia kwanza ni yule kijana na yule mama.

Hata hivyo marufuku inapokubaliwa na wavuvi wenyewe huleta faida. Watafiti waliofuatilia madiko ya kusini mwa Mombasa kwa miaka mingi waliona kwamba pale majuya yalipoondolewa, mapato ya wavuvi yaliongezeka. Pwani hiyo hiyo ya Kenya yamejaribiwa madema yenye mwanya mwembamba pembeni. Samaki wachanga na wembamba walitoka, wakubwa wakabaki, na mvuvi hakupata hasara. Zana ilibaki ile ile anayoijua. Kilichoongezwa ni mwanya wa sentimita chache.

Kazi ya kamati

Kabla ya kupitisha ombi lolote la uvuvi, tunashauri kamati ikae na kikundi na kujaza majibu haya:

1. Ni zana gani, na tundu lake lina inchi ngapi? Pimeni wenyewe kwa rula.
2. Itatumika wapi: kwenye mwamba, kwenye majani, mikokoni au maji makuu?
3. Itatumika msimu upi, na wakati mwingine watafanya nini?
4. Ni nani atakayeimiliki, na mgao utakuwaje kati ya mwenye chombo, mabaharia na akina mama wanaouza?
5. Je, Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) na Afisa Uvuvi wa wilaya wanaifahamu na kuikubali?

Jibu la swali la tano lisichukuliwe kwa mdomo tu. Nendeni mkaonane nao, kwa sababu kanuni hufanyiwa marekebisho na wao ndio wenye maelekezo ya sasa.

Kwa wafadhili wetu tunaomba uvumilivu. Ripoti inayosema nyavu kadhaa zimegawiwa ni rahisi kuandika na picha yake hupendeza. Miezi ya kukaa diko na daftari haina picha nzuri. Lakini wavu usiofaa huchukuliwa na maofisa na kuteketezwa, au ubaya wake uonekane baada ya miaka michache, diko likiwa limejaa vyombo na ndoo zikiwa tupu. Kikundi kikishafika hapo, kuna madeni, na vijana wanarudi kuomba nyavu zenye matundu madogo zaidi.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya

- Wazee wa diko letu walitumia zana zipi, na walipata samaki wa ukubwa gani?
- Ni zana ipi imeongezeka katika miaka kumi iliyopita, na kwa nini?
- Ikiwa zana moja itaondolewa hapa kwetu, ni nani atakosa chakula wiki ya kwanza? Tutamsaidiaje?

Tuleteeni majibu yenu pamoja na maombi ya robo mwaka ijayo.