Wakati katika Tamthilia: Time and the Conways

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu wakati katika tamthilia huandika "mbinu rejeshi", wakatoa mfano mmoja, wakaenda kwenye swali linalofuata. Hilo halitoshi. Kuna tamthilia ambazo wakati wenyewe ndio maudhui. Mojawapo ni Time and the Conways ya Mwingereza J. B. Priestley, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza London mwaka wa 1937.

Sehemu ya kwanza ni mwaka wa 1919. Vita vimekwisha na Kay Conway anasherehekea kutimiza miaka 21. Sehemu ya pili ni chumba kilekile, mwaka wa 1937: mali imekwisha, kitindamimba Carol alishafariki, Robin ni mlevi, na Madge ni mwalimu mwenye uchungu moyoni. Sehemu ya tatu inaturudisha kwenye sherehe ileile.

Tahadhari! Sehemu ya tatu si mbinu rejeshi. Hakuna mhusika anayekumbuka. Sherehe inaendelea ilipoachiwa. Kilichotangulizwa ni sehemu ya pili, ambayo ni kiangaza mbele. Kwa hivyo tunaona matokeo kabla ya chanzo. Mwaka wa 1937 Madge anamlaumu mamake kwa kumharibia maisha. Ndipo tunaposhuhudia kisa chenyewe: Madge anamweleza wakili Gerald ndoto zake, Gerald anaanza kuvutiwa naye, mama anaingia, anamkejeli bintiye kwa nywele zilizotimka, na Gerald anapoa. Ni dakika moja tu! Carol naye anaeleza yote atakayofanya maishani, nasi tunajua atakufa. Hicho ni kinaya.

Priestley aliathiriwa na J. W. Dunne, mhandisi wa ndege aliyechapisha kitabu An Experiment with Time mwaka wa 1927. Kwa Dunne, jana, leo na kesho zipo pamoja. Ni fahamu zetu zinazosafiri. Alan, kaka mpole ambaye jamaa yake humdharau, anamfariji Kay kwa wazo hilo: wale vijana wa 1919 hawajapotea, wangali pale.

Je, faraja hiyo inatosha? Mimi naona inamfaa Kay kuliko Madge. Unaweza kumpinga Alan bila kupoteza alama, mradi uthibitishe kutoka tamthiliani.

Swali: Alan anaamini kuwa wakati hauharibu chochote. Madge angemjibuje? Jadili. (alama 20)