Dira Kwanza, Skrini Baadaye: Kuchagua Vifaa vya Kuongozea Mashua

Mashua inarudi Lamu kutoka Kiwayu. Jua limetua, wingu limefunika nyota, na simu iliyokuwa ikionyesha njia imezimika. Nahodha anaijua bahari hii tangu utotoni, lakini usiku kama huo mwamba na maji huwa rangi moja. Usalama wa walio chomboni sasa unategemea alichonunua kabla ya kung'oa nanga.

Vifaa vya elektroniki ni vingi madukani, na pesa za mvuvi ni chache. Somo hili linampa mwenye mashua ya mbao ya tanga mpangilio wa kununua. Kanuni ni moja: anza na kifaa kitakachokurudisha nyumbani hata umeme ukikatika.

1. Dira

Dira haihitaji betri wala mtandao. Chagua yenye kimiminika ndani na namba kubwa zinazosomeka kwa mwanga hafifu. Ifunge mbele ya mshika usukani, mbali na chuma, spika na simu. Ijaribu kabla ya kusafiri: sogeza nanga karibu nayo. Sindano ikicheza, ujue nanga haifai kulazwa hapo.

2. GPS ya mkononi

Kifaa hiki hupokea mawimbi ya setilaiti, kwa hivyo hufanya kazi hata pasipo mtandao wa simu. Simu pia inaweza kuonyesha mahali ulipo, mradi ramani umeipakua mapema, lakini chaji huisha upesi na skrini yenye maji haisikii kidole. Tafuta GPS yenye alama ya IPX7, yaani inayohimili kuzama mita 1 kwa dakika 30, na inayotumia betri ndogo zinazopatikana dukani.

Hapa ndipo wengi hukosea. GPS haioni mwamba. Ukiiambia ikupeleke nyumbani, itachora mstari ulionyooka, hata kama mstari huo unapita juu ya fungu. Kwa hivyo, maji yakiwa yametoka na miamba ikionekana, pita katikati ya mlango na uhifadhi vituo kadhaa, kimoja baada ya kingine. Usiku utavifuata kwa zamu.

Kumbuka pia kwamba mashua ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja upepo ukiwa wa mbele. Ukipiga bisho, utatoka nje ya mstari kila upande. Jua mapema utakwenda umbali gani kila upande kabla ya kufikia maji machache.

3. Redio ya VHF

GPS itakuambia ulipo, lakini haitamwambia mwingine. Redio ya mkononi isiyoingia maji hufika maili chache tu ikiwa chini, kwa sababu mawimbi yake hayapiti mpindo wa dunia. Antena iliyo juu ya mlingoti hufika mbali zaidi. Mwito wa dharura hutolewa chaneli ya 16: sema "Mayday" mara tatu, jina la chombo, mahali ulipo, tatizo na idadi ya watu. Redio ya baharini huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, basi uliza kabla ya kununua.

4. Kipima kina

Kifaa hiki hutuma sauti hadi chini na kusoma mwangwi wake. Sauti haipiti vizuri kwenye mbao, kwa hivyo kihisi chake lazima kiguse maji. Usipotaka kutoboa chombo, kifunge kwenye mti ubavuni, chini kiasi kwamba hakitatoka majini mashua ikilala upande. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mahali ulipopita asubuhi huenda pasipitike jioni. Bildi ya kamba ibaki chomboni kama akiba.

Usisahau kuonekana

Tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilipoanza kazi Mei 2021, meli kubwa huingia na kutoka karibu nasi. Mbao na tanga huonekana kwa shida kwenye rada. Kiakisi cha rada cha bati, kikitundikwa juu ya mlingoti, hakitumii umeme. Kitumie pamoja na taa usiku.

Zoezi la nyumbani

Chagua siku shwari mchana. Zima GPS na simu, kisha rudi bandarini kwa dira, saa na bildi. Kila baada ya nusu saa andika mahali unapodhani upo, halafu washa GPS uhakikishe. Mfundishe pia baharia wako mmoja kutumia kila kifaa. Nahodha akiumia, mwingine ndiye atakayewafikisha watu nyumbani.