Vijeba, Rejista na Mhuri: Mafunzo Niliyopata Katika Michezo ya Watoto Muheza

Nimekuwa mwalimu wa michezo katika shule za msingi za Wilaya ya Muheza kwa miaka mingi, huku bondeni kwenye mkonge na machungwa, na kule juu Amani kwenye chai. UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, naifahamu tangu bonanza la shule hadi timu ya mkoa inapopanda basi. Niliyojifunza, hasa kuhusu vijeba, yaani waliozidi umri wanaochezeshwa kama wanafunzi, ni haya.

1. Kijeba hajileti mwenyewe.

Mashabiki humzomea kijana: "Lina ndevu, halina haya!" Hasira zangu haziendi kwake. Kijana aliyemaliza darasa la saba zamani na sasa anashinda kijiwe cha bodaboda hana namna ya kujiingiza kwenye orodha ya wanafunzi. Yupo mtu mzima aliyeandika jina, mwingine akasaini, na mwingine akagonga mhuri. Na jina lenyewe huwa la mtoto halisi wa darasa la sita, ambaye ameambiwa akiulizwa anyamaze. Mtoto huyo amepata somo siku hiyo, na halimo kwenye mtaala.

2. Hasara haiishii kwenye matokeo.

Watu huzungumzia kombe. Mimi huwaza kambi. Timu za watoto hulala madarasani, magodoro yamepangwa chini, mmoja ubavuni mwa mwenzake. Ukimwingiza mtu wa miaka ishirini humo kwa jina la mwanafunzi, umemlaza mtu mzima kati ya watoto wa miaka kumi na miwili, na wazazi wao hawajui. Kwa hili pekee ningepiga marufuku mamluki hata kama mpira usingekuwa na mshindi.

Uwanjani nako, goti la mtu mzima likigongana na la mtoto, linaloumia linajulikana. Tena yuko mtoto ambaye hata kuumia hapati nafasi: yule winga wa Amani aliyestahili kushuka mjini na timu, akaachwa ili kijeba apangwe. Huyo halalamiki popote. Anarudi kuchunga mbuzi, mwakani hajitokezi kwenye mchujo.

3. Uso ni shahidi mbovu.

Nimeona mtoto halali akikataliwa kwa sababu ya urefu, na kijeba mfupi akipita. Vijijini kwetu wapo walioanza shule wamechelewa. Unamkuta mmoja ana miaka kumi na minne, yuko darasa la tano, na ni mwanafunzi kweli. Kumvua jezi mbele ya watu ni dhuluma ileile kwa sura nyingine. Dawa ni karatasi: rejista ya uandikishaji, mahudhurio ya kila siku, kadi ya kliniki kama ipo. Tena muulize jina la mwalimu wake wa darasa na nani anakaa naye dawati moja. Mamluki wengi hukwama hapo hapo.

4. Kanuni ya umri iliyotuchoma ndiyo iliyotubeba.

Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gambia, wakaenguliwa kwa kuchezesha aliyezidi umri. Zimbabwe wakaenda badala yetu. Miaka kumi na miwili baadaye mambo yakageuka: katika kufuzu fainali hizo hizo Kongo Brazzaville walitutoa kwa bao la ugenini, shirikisho letu la soka, TFF, likamkatia rufaa mchezaji wao mmoja, na shirikisho la Afrika, CAF, likaagiza apimwe mfupa wa kifundo cha mkono kwa MRI, hakutokea. Tukaenda Gabon 2017. Mwaka 2019 Guinea walifika fainali ya mashindano hayo hapa hapa Dar es Salaam, kisha wakanyang'anywa nafasi ya Kombe la Dunia kwa sababu tarehe za kuzaliwa za wachezaji wawili hazikufanana na zile walizotumia kwenye mashindano Japani mwaka 2017.

Hao wa Guinea walinaswa bila kipimo chochote. Zilisomwa karatasi mbili tu. Kazi hiyo hata ofisi ya kata inaiweza.

5. Jezi za msaada zina bei.

Mfanyabiashara mmoja wa machungwa aliwahi kuleta jezi seti nzima na mipira. Tukashukuru. Kesho yake: "Mwalimu, mpwa wangu naye mtamwangalia, au siyo?" Tangu hapo msaada unapokelewa mbele ya kamati ya shule, unaandikwa, na mtoaji anaambiwa wazi kwamba upangaji wa timu haumhusu. Wapo waliokasirika. Wengine wameendelea kutoa, na hao ndio wafadhili. Halafu jamani, mipira ikija, wa netiboli nao wakumbukwe. Wasichana wetu wamezoea kusubiri makombo.

6. Refa asitoke shule inayocheza.

Hili halina mjadala. Hata akiwa mwadilifu, watoto watamshuku.

Walimu wakuu na wazazi, nawaombeni jambo dogo. Msimu ujao, kabla orodha ya timu haijapelekwa wilayani, isomeni kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi, jina na darasa. Kijiji kinawajua watoto wake, na kijeba atatajwa hapo hapo kabla mhuri haujagongwa.