Mali: Miji ya Udongo Kati ya Mto na Jangwa

Chukua ramani ya Afrika, uweke kidole katika milima ya Guinea, karibu na mpaka wa Sierra Leone. Hapo ndipo uanzapo mto Niger. Bahari ya Atlantiki i kilometa 240 hivi tu kutoka hapo, lakini mto huipa bahari mgongo, ukaelekea kaskazini mashariki mpaka ukingoni mwa jangwa la Sahara. Karibu na Timbuktu hugeuka mashariki, kisha kusini, nao humwaga maji yake katika Ghuba ya Guinea baada ya safari ya kilometa 4,180 hivi. Atakaye kuijua miji ya kale ya Mali hana budi kuufuata mto huo.

Katikati ya nchi mto hugawanyika vijito vingi, na kila mwaka mafuriko hufunika bonde pana. Wabozo huvua samaki, na maji yapunguapo Wafulani huleta ng'ombe wao malishoni. Humo umo mji wa Djenné, uliojengwa kwa udongo, tangu nyumba za watu hata msikiti mkuu. Katika kuta za msikiti huo zimechomoza boriti za mvumo. Boriti hizo si pambo tu, ni ngazi za waashi. Kila mwaka mvua hula ukuta. Kwa hiyo kila mwaka huwekwa siku moja, vijana wakabeba udongo uliochanganywa na pumba za mpunga, wanawake wakaleta maji, na waashi wakapanda kuukandika msikiti wote upya. Wazee wetu walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Djenné walilijua hilo kwa macho yao: katika karne ya 19 msikiti wa zamani uliachwa bila kukandikwa, mvua ikaubomoa. Huu uliopo ulijengwa mwaka 1907.

Tukiendelea na mto twafika Timbuktu, mahali ambapo mtumbwi ulikutana na ngamia. Kutoka Taoudenni, zaidi ya kilometa 600 jangwani, misafara ilileta chumvi iliyochongwa kama mbao. Kutoka kusini zilikuja dhahabu na nafaka. Penye biashara wakaja na wanavyuoni. Leo Africanus, msafiri wa karne ya 16, aliandika kwamba mjini humo vitabu vilileta faida kuliko bidhaa nyingine. Vingi viliandikwa kwa Kiarabu. Vingine ni vya lugha za huko kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya washairi wa Lamu na Pate kwa Kiswahili.

Wasomaji wengi wamesikia habari za Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mtu huyo huyo alivuka Sahara mwaka 1352, akaona huko Taghaza nyumba za matofali ya chumvi zilizoezekwa ngozi za ngamia. Alipofika Mali aliwasifu watu wake kwa kuchukia dhuluma, hata msafiri alikwenda bila kuogopa wezi.

Amani hiyo haikudumu. Mwaka 2012 watu wenye silaha waliuteka Timbuktu, wakabomoa makaburi ya mawalii. Wenye vitabu hawakungoja. Walivitia katika masanduku ya bati, wakavipeleka Bamako kwa siri, vingine kwa magari, vingine kwa mashua. Baadhi ya vitabu vilichomwa moto Januari 2013, lakini vilivyookolewa ni vingi zaidi. Nayo makaburi yalijengwa tena na waashi wa mji wenyewe, kazi ikaisha mwaka 2015. Tangu vita hivyo wageni wengi wamezuiwa kuizuru nchi hiyo.

Basi tufikiri. Msikiti mkuu wa Kilwa ulijengwa kwa mawe, nao leo ni gofu. Msikiti wa Djinguereber huko Timbuktu ni wa tangu karne ya 14, na sehemu yake kubwa ni udongo, lakini watu wangali wanasali humo. Kumbe kinachodumisha jengo si ugumu wa jiwe, bali ni watu wasioacha kulitunza. Hali kadhalika kitabu: karatasi haina nguvu, mwenye kuihifadhi ndiye mwenye nguvu.

MASWALI

1. Kwa nini mji mkubwa wa elimu ulitokea mahali mto unapokaribia jangwa?

2. Boriti zilizochomoza ukutani huko Djenné zina kazi gani?

3. Waulize wazee wa kwenu: ni kitu gani cha kale kijijini kinachotunzwa kila mwaka, na nani atakitunza baada yao?