Mafunzo Niliyopata kwa Jiwe la Kisii na Picha za Kijapani

1. Mvua haichongeki

Nilibandika ukutani nakala ya picha ya Mjapani Hiroshige ya mwaka 1857: watu wanakimbia darajani, mvua inawashukia kwa mistari myembamba ya wino. Nikachukua jiwe la Tabaka, huko Kisii, laini kiasi cha kukatika kwa kisu, nikalikwangua mistari ile yote kwa ncha ya patasi. Asubuhi, mwanga ukiingia kwa pembeni, mvua ilinyesha kweli. Jua lilipofika utosini ilikuwa imeanuka, imebaki mikwaruzo. Wino una weusi wake wenyewe; mfuo kwenye jiwe huazima kivuli, na kivuli huhama.

Kilichonishangaza ni kwamba nilichokitafuta kilikuwa kwenye picha nyingine ya mwaka uleule, ile ya bustani ya miplamu huko Kameido. Mti umewekwa mbele kabisa, ukingo wa karatasi umeukata, nawe unaumalizia mwenyewe kichwani. Hilo jiwe linaliweza. Anzisha mpindo, kisha ukate kabla haujafika unakokwenda. Mwige Mjapani anavyokata; mistari mwachie.

2. Usipige msasa kila mahali

Sisi tuliolelewa na soko la watalii huamini kazi haijaisha mpaka ing'ae kila kona. Nilisugua kwa msasa na maji, nikapaka nta, na maumbo yangu yakafanana na vipande vya sabuni vilivyosahaulika bafuni. Mchongaji Isamu Noguchi, aliyekuwa msaidizi wa mchongaji Brancusi mjini Paris mwaka 1927, alipokuja kuchonga basalti kisiwani Shikoku aliacha ganda la jiwe sehemu moja, akang'arisha nyingine. Jiwe letu halina ganda la namna ile, kwa hiyo mimi huacha alama za patasi. Ulaini hauonekani mpaka upate jirani mwenye makovu.

3. Watakuuliza ni nini

Mteja wangu wa kwanza wa umbo dhahania alilinunua la kuzuia mlango. Nilinuna, ingawa hela nilipokea. Baadaye nikasoma kuwa mwaka 1926 forodha ya Marekani iliiweka sanamu ya Brancusi ya ndege katika fungu la vyombo vya jikoni ili itozwe ushuru. Mahakama ikaamua 1928 kwamba ni sanaa. Siku hizi mteja akiniuliza umbo langu ni nini, namwambia aliweke karibu na dirisha, mwanga uje ubavuni, halafu anieleze yeye. Bei siteremshi.