P. O. Ackley na umbo la ganda la risasi

Parker Otto Ackley alizaliwa mwaka 1903 katika jimbo la New York, Marekani, akafariki mwaka 1989. Alikuwa fundi wa bunduki, na kwa kipindi fulani alifundisha ufundi huo chuoni mjini Trinidad, Colorado. Wengi wanaotengeneza risasi za masafa marefu humhesabu kuwa mwalimu wao ingawa hawakuwahi kuonana naye, kwa sababu aliyoyapima aliyaandika. Ili tufahamu alichofundisha, tuanze na risasi yenyewe.

Risasi nzima ina sehemu nne. Ganda ni kikopo cha mchanganyiko wa shaba na zinki. Ndani yake kuna baruti. Kitakoni kuna kiwashio, ambacho hulipuka kikigongwa. Mdomoni kuna kichwa, na hicho ndicho kinachoruka. Ganda lenyewe lina mwili, bega na shingo.

Ganda hukaa ndani ya chemba, yaani nafasi iliyochongwa nyuma ya mtutu kwa kipimo chake. Baruti ikiungua huwa gesi yenye shinikizo kubwa. Shinikizo hilo husukuma kichwa mbele, na papo hapo hulitanua ganda hadi likabana kuta za chemba na kuizuia gesi isimrudie mpigaji. Shinikizo likishuka, ganda hunywea kidogo na kutolewa.

Maganda mengi ya wakati wa Ackley yalipungua upana kutoka kitakoni hadi begani, na bega lenyewe lilikuwa na mteremko mdogo. Ackley alichonga upya chemba ili kuta zikaribie kuwa sambamba na bega liwe na pembe ya nyuzi 40. Risasi ya kawaida ikipigwa humo, ganda lake hutanuka na kubaki na umbo jipya, lenye nafasi zaidi ya baruti. Aliyeishiwa na maganda mapya aliweza kununua risasi za kawaida dukani na kuendelea. Katika yote aliyobuni, hilo ndilo la busara zaidi. Isitoshe, kwa majaribio ya bunduki ya Winchester 94, alionyesha kwamba ganda lenye kuta zilizonyooka, likiwa kavu, hung'ang'ania chemba na kupunguza msukumo kuelekea nyuma.

Je, faida yake katika shabaha ni ipi? Kichwa kilichopigwa mlalo huanza kuanguka mara tu kinapotoka mtutuni, sawa na kitu kilichoachiwa mkononi. Katika sekunde 1 huanguka karibu mita 4.9. Kikienda kwa wastani wa mita 700 kwa sekunde, hicho ndicho kiasi kinachokuwa kimeanguka kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 700. Sasa, kwa kanuni ya kukadiria, nafasi ya baruti ikiongezeka kwa asilimia 8, mwendo huongezeka kwa asilimia 2 hivi. Muda angani hupungua, na kuanguka hupungua kwa sentimita 19.

Sentimita hizo mlengaji angeweza kuzipata kwa kurekebisha kilengeo. Lakini risasi mbili zikitofautiana mwendo kwa asilimia 2, hutua mbalimbali kwa kiasi hichohicho, na hakuna kilengeo kinachorekebisha hilo. Kwa masafa marefu, usawa wa mwendo una thamani zaidi kuliko ukubwa wake. Ackley mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1962, hakusita kusema kwamba baadhi ya risasi zenye maganda makubwa kupita kiasi hazina faida, zikiwemo baadhi alizobuni yeye mwenyewe.

Mwaka 2007, miaka 18 baada ya kifo chake, risasi ya .280 Ackley Improved iliingizwa rasmi katika viwango vya watengenezaji wa bunduki na risasi wa Marekani.